Siku Tatu Mchangani na Rashidi

Alhamisi, 3 Julai

Nimefagia duka, nimefunika mashine ya fotokopi. Mtaa mzima wa Chuno ni vumbi leo.

Kesho safari. Rashidi anataka kupiga picha za alfajiri kwenye vilima vya mchanga karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Yeye anapaita jangwani. Wifi Somoe, mke wa kaka yangu, anakuja nasi ili watu wasiseme. Jumatatu Mjomba Issa atampa mshenga wa Rashidi jibu la posa. Kwetu mjomba ndiye anayejibu. Ameniambia, "Nenda ukamwangalie vizuri."

Nadhani nitakubali.

Ijumaa, 4 Julai

Gari mpaka barabara ilipoishia, kisha miguu. Mahema mawili. Mchanga mweupe mpaka macho yanauma. Pazuri, sikatai.

Rashidi alisafisha samaki mlangoni mwa hema letu. Matumbo akayaacha hapo hapo. Inzi. Kisha akachana ndevu juu ya sufuria.

Jumamosi, 5 Julai

Rashidi katuamsha kabla ya jua. Tulipanda kilima kirefu kuliko vyote, upepo mkali, mchanga menoni. Juu unauona mto unavyoingia baharini, na ng'ambo ni Msumbiji. Nilifurahi sana.

Akatuteremsha tupande upya upande wa pili. Eti nyayo zetu zimeharibu picha. Somoe akasema, "Wifi, huyu akikuoa hata ugali utasubiri mwanga upendeze." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Rashidi hakucheka.

Jioni. Sina hamu ya kuandika. Jua likizama, vitoto vya kasa vilitoka mchangani, vikawa vinakwenda majini. Rashidi akavikusanya vyote kwenye ndoo. Eti giza limeingia, atapiga picha gani? Ataviachia alfajiri, mwanga ukiwepo. Nilimwambia aviache viende. Akasema, "Mama, kulala ndooni usiku mmoja hakuui mtu." Akavimwagia maji ya bahari visikauke, akafunika mfuniko visitoke. Vilikuwa vinakwaruza. Nikasema tena. Akanijibu kwamba picha ni kazi yake, kupika ni yangu.

Ndoo kaingia nayo hemani mwake.

Jumapili, 6 Julai

Vimekufa.

Vilizama humo humo, vimelaliana, shingo zimelegea. Kumbe kasa anavuta pumzi kama sisi. Viwili vilikuwa bado vinatikisa miguu. Somoe akavipeleka majini. Sijui kama vimefika popote.

Nilidhani Rashidi atasikitika. Alichukua kanga yangu, akavifuta kimoja kimoja, akavipanga mchangani vichwa vikielekea bahari. Nyuma ya kila kimoja akachora alama za miguu kwa kidole. Cha mbele kichwa kilikuwa kinaanguka. Akakiegemeza na kipande cha gamba la kombe. Kisha akalala kifudifudi na kamera.

Mwanga ulikuwa mzuri kweli. Hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Akanionyesha kwenye kioo cha kamera, anatabasamu. "Ona. Nani atajua?" Akachukua andazi kwa mkono ule ule, akala.

Nilitapika nyuma ya kilima. Somoe alivifukia. Kanga nimeiacha huko. Njia nzima ya kurudi Rashidi alipiga mluzi. Nilitazama koo lake likicheza na nikaona kinyaa. Si hasira. Kinyaa. Hasira ingepoa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, duka limefungwa.

Mjomba alifika asubuhi, kabla ya mshenga. Akaniuliza kama Rashidi amenipiga. Hapana. Amenigusa? Hapana. Analewa? Hapana. Nilitaka kumweleza habari ya ndoo, na zile alama za kidole. Nikasema tu, "Nimemkinai, Mjomba."

Akanitazama. Akavaa kofia. "Basi nitawaambia hivyo hivyo."

Mchana posa imerudishwa. Somoe alimsimulia Mama yote. Mama anasema mchumba haachwi kwa sababu ya kasa, majirani watatucheka. Labda. Baadaye alitoka na ungo, akakaa mkekani, hakunitazama. Akausogeza ungo kidogo upande wangu. Nikakaa. Tukachambua mchele.