Nailoni ya Arobaini na Saba

Gartenstraße 9,
Brackenrode,
Ujerumani.

Jumapili, 17 Novemba 2019

Mpendwa Shangazi Gesine,

Pokea salamu za nyumba hii yote, tukitumaini zitakufikia huko New Zealand ukiwa mzima. Mguu unaendeleaje? Baba anauliza kama bado unatembelea mkongojo au umeshautupa kwa ukaidi wako. Sisi hatujambo. Ukungu umetukalia tangu Jumatano na mama ana kikohozi, lakini si cha kumlaza kitandani. Tjark wako ni mzima wa afya. Najua utalitafuta hilo kabla ya yote, ndiyo maana nimelitanguliza.

Ila hanisemeshi. Leo ni siku ya tatu. Tunakaa meza moja, tunapitishiana chumvi, na hakuna neno. Tangu mlipohama mkatuachia binamu yangu huyu asome, hatujawahi kufikishana hapa. Nimeanza kukuandikia mara mbili nikachana, kwa sababu kila nikifika katikati sijui tena kama najitetea au najishtaki.

Mwaka huu nimeanza somo la nguvu za vitu vinavyotengenezwa kwa nyuzi na gundi. Shangazi, limenivuruga kichwa. Chuma ukikivuta kinarefuka, basi, mambo yamekwisha. Hiki unakivuta kinajipinda kama mtu aliyeudhiwa, na mwalimu anasema ndivyo inavyotakiwa, inategemea kila tabaka limelazwa kuelekea wapi. Nimejaza madaftari mawili ya hesabu. Majibu yangu mara nyingi ni sahihi, na bado sielewi nilichokijibu.

Karakanani ndiko nilikodhani naelewa. Tjark atakuwa amekuchosha kwa habari za ile ndege isiyo na injini, tunayoiunda wenyewe, sisi wanafunzi. Mimi na yeye tulipewa mhimili wa bawa la kushoto, ule wa ndani unaobeba uzito wote. Unajengwa kwa mikanda myembamba ya nyuzi za kaboni iliyokwisha kulowekwa gundi, tabaka juu ya tabaka, hadi arobaini na saba. Kila mkanda umefunikwa nailoni, nawe unaibandua kabla ya kulaza mkanda unaofuata. Kwetu nailoni hiyo haitupwi. Tunaibana ukutani kwa vibanio vya nguo, na mwisho wa kazi tunazihesabu. Zikiwa arobaini na saba ukutani, hakuna iliyosahaulika ndani. Ikisahaulika moja, matabaka mawili hayakushikana, na siku bawa likielemewa huko juu linaweza kuvunjika papo hapo.

Kazi yetu tuliifanya Septemba, siku ya kuzaliwa ya Onno, msimamizi wa karakana. Unajua mambo ya hapa, mwenye siku yake ndiye analeta keki, na kukataa ni kumvunjia heshima. Tulikuwa tabaka la thelathini hivi. Tukavua glavu, tukala, tukapiga soga, tukarudi. Mwisho nikahesabu ukutani, nikapata arobaini na sita. Nikarudia, zikawa zile zile. Tukapekua sakafu, chini ya meza, hata nyayo za viatu. Tjark akasema, "We Swantje, hiyo imeondoka na sahani za keki. Iko kwenye mfuko wa njano." Mfuko wa njano ndio wa takataka za plastiki, na gari lilikuwa limeshaupitia mchana ule ule. Onno alikuwa anatazama saa, kwa kuwa gundi ile haingoji mtu. Tjark akaapa anaukumbuka kila mkanda tulioulaza. Basi nikaandika arobaini na saba, nikatia sahihi, na mhimili ukaingia tanurini.

Mwezi uliopita tulilipakia bawa mifuko ya mchanga hadi kipimo kinachotakiwa, tukazidisha kidogo. Halikulia hata kidogo. Tukalipima kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na kwenye kioo kikaonekana kiwingu cha kijivu, ukubwa wa kiganja. Bi Ruhnau, mkaguzi wetu, alisema huenda ni nailoni, huenda ni gundi imejaa mahali pamoja, lakini yeye atalipitisha kwa kuwa hesabu ya nailoni ilikuwa sawa. Hesabu ya nailoni, yaani sahihi yangu. Nami nilikaa pale nikiitikia kwa kichwa kama naambiwa habari za watu wengine.

Kisha wakamtangaza rubani wa kwanza. Kwetu anatangulia kuruka yule aliyefanya kazi saa nyingi kuliko wote, na daftari la saa lilimtaja Tjark. Angeruka jana.

Alhamisi nikamwendea Bi Ruhnau, nikamwambia nilihesabu arobaini na sita. Hakunigombeza. Alipiga mstari juu ya sahihi yangu, akaniambia niandike tarehe pembeni. Bila sahihi ile bawa haliruki, na bila kulipasua hakuna atakayejua lililomo. Miaka miwili ya kazi, Shangazi. Ijumaa wakaleta msumeno.

Tulikata penye kiwingu, tukakata kushoto na kulia kwake, kisha vipande vidogo vidogo, na kila kipande nilikipasua mwenyewe kwa patasi. Hapakuwa na nailoni. Palikuwa na gundi tu, imejaa mahali pamoja. Watu kumi na wanne walisimama wananitazama, na Onno, ambaye hawezi kukaa bila utani, akasema, "Hongera, mama mkaguzi, tumelichinja bawa zima lenye afya zake." Tjark alichukua ufagio, akalifagia lile vumbi jeusi hadi sakafu ikang'aa, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Septemba nilidanganya na bawa likawa zima. Novemba nimesema kweli na bawa limekuwa kuni. Najiambia nilifanya vema, halafu namwona Tjark anavyoshika kikombe chake bila kuniangalia, na nasikia aibu hadi masikioni. Nimelitafuta jibu hata kwenye daftari la hesabu, nikajicheka mwenyewe.

Neno la mwisho aliloniambia ni la Ijumaa jioni, ngazini. Aliniuliza, "Ungekuwa wewe ndiye unayeruka, ungeifuta ile sahihi?"

Nilitaka kusema ndiyo, Shangazi. Mdomo ulishafunguka. Nikasema hapana, ningeruka nayo hivyo hivyo. Ndiyo kweli yenyewe, na sikuwa naijua mpaka nilipoisikia ikinitoka.

"Kwa hiyo wewe ni mtu mzima, mimi ndiye mtoto," akasema. "Haya, mwandikie mama wewe. Mimi sina la kumwambia."

Basi nimekuandikia. Sijui kama nilimpenda kuliko ninavyojipenda au nilimdharau tu, na nikikaa kufikiri naona yote mawili. Usinijibu mimi kwanza. Mpigie yeye. Usimwambie nilifanya vizuri, wala usimtetee mbele yangu. Mwulize tu kama amekula, maana akiulizwa na sisi anasema ndiyo.

Tusalimie Baba Tjark, na Hinnerk na mkewe, na Fenja mdogo ambaye sasa lazima anatembea. Baba na mama wanawakumbuka kila siku. Mungu awe nanyi huko mbali, awapatie kiangazi chema na usingizi mtulivu.

Mwanao wa kwa kaka yako, anayekupenda sana,

Swantje