Kurasa Kumi na Moja za Dada

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza kabisa nakuuliza hali, na hasa hali ya kifua. Shemeji aliniambia kwamba majuma haya mawili umekuwa ukilala vizuri na kwamba sasa unapanda ngazi zote bila kusimama katikati. Nilifurahi kusikia hivyo. Huku kwetu sote tuko salama. Wifi yako anakusalimu sana. Mwanao mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hacheki mbele ya wageni mpaka aweke kiganja mdomoni kama bibi harusi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu mwezi huu. Mara zote ulipokea, tukazungumza habari za bomba la jikoni linalovuja na za watoto, nikakuaga. Nikiisikia sauti yako ulimi unaniganda. Ndiyo maana naandika. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukitamani kuichana njiani.

Unakumbuka nilivyokueleza kwamba nimeanza kuandika kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza na kusahihisha. Ulinicheka, ukasema mtu aliyeshindwa kupanga soksi zake sasa anapanga elimu ya dunia. Nilianza kwa nia safi. Nilirekebisha makala za ndege, za madaraja, hata moja ya kutengeneza sabuni. Nilitumia jina la kubuni, kama wengi wanavyofanya pale. Kulikuwa na mhariri mmoja wa kujitolea, mtu mzima kwa jinsi anavyoandika, ambaye sisi wengine tulimpachika jina la Mzee Koma, kwa sababu hakuna koma iliyokaa vibaya ikampita. Ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia kuna mambo mawili yasiyo na mzaha pale. Kwanza, usiandike habari za mwajiri wako, za ndugu yako, wala za jambo lenye faida kwako. Ukilazimika, jitaje wazi, toa pendekezo lako, kisha waachie wengine waamue. Pili, usibandike maneno ya mtu mwingine, maana kila unachohifadhi pale unakitoa dunia nzima ikitumie bure, na huwezi kutoa kisicho chako. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa, Dada. Sitajificha nyuma ya ujinga.

Mwaka jana meneja aliniita ofisini kwake. Juu ya meza, katikati ya vipande vya vitambaa vya sampuli, aliweka makala ya kiwanda chetu kutoka kwenye ensaiklopidia hiyo, imechapwa kwenye karatasi, na aya moja imezungushiwa kalamu nyekundu. Aya hiyo ilieleza kwamba wanawake wanne wa idara ya rangi walilalamikia maradhi ya kifua, kwamba gazeti liliandika habari zao, na kwamba feni za kutoa mvuke ziliwekwa baada ya hapo, si kabla. Haikuwa na majina. Lakini mimi na wewe tunajua wale wanne ni kina nani, na ni nani aliyesimama mbele ya mwandishi wa gazeti akazungumza huku akikohoa.

Meneja hakuniamuru. Alisema wanunuzi wa nje wanasoma makala ile kabla ya kutia sahihi, akaniuliza kama mimi mwenye uzoefu wa mambo hayo naweza kuiweka sawa. Katika mazungumzo hayo hayo akagusia kwamba nafasi ya mkuu wa ofisi ya habari iko wazi. Hakuna aliyeniambia nichague. Niliona tu mambo mawili yamewekwa pamoja, nikayaelewa.

Nilirudi kwenye kiti changu saa nne asubuhi, mashine zikinguruma chini yetu, nikaifuta aya ile. Katika nafasi ya kuandika sababu, niliandika kwamba kiungo cha gazeti hakifunguki tena. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonipa ujasiri. Lakini makala ilibaki fupi, na nilijua Mzee Koma angeuliza kwa nini. Kwa hiyo siku hiyo hiyo nikaongeza sehemu mpya, ndefu, juu ya upikaji wa rangi kiwandani: jinsi maji yanavyochemshwa, jinsi chumvi inavyotiwa kidogo kidogo, jinsi kitambaa kinavyogeuzwa ndani ya pipa ili kisitoke na mabaka. Ilikuwa nzuri kupita chochote nilichowahi kuweka pale. Watu walinipongeza.

Mzee Koma hakunipongeza. Aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa upole, akiniuliza kama nina uhusiano wowote na kiwanda kile. Nikajibu kwamba sina. Akauliza maandishi yale nimeyatoa wapi. Nikajibu kwamba nimeyaandika mwenyewe. Ndipo akanukuu sentensi moja niliyoisahau katikati, inayosema, "Sisi wa zamu ya asubuhi tulijua rangi imeiva kwa harufu, kabla ya kuiona." Chini yake akauliza hawa "sisi" ni nani.

Nilijibu kwamba ni kuteleza kwa kalamu, nikaifuta "sisi" na kuweka "wafanyakazi". Hakuandika tena. Majuma matatu baadaye nilihamia ofisi ya mkuu, yenye dirisha linalotazama lango kuu, nawe ukanipigia kunipongeza.

Dada, sentensi ile unaijua. Ni yako.

Ni ya sura ya tatu ya daftari lako, lile uliloandika kwa mkono miaka yote ile baada ya kuacha kazi. Ulilipeleka kwa Mama Fotokopi akutolee nakala, daftari lenyewe libaki nyumbani, kisha ukanitumia nakala nikuchapie. Niliichapa yote. Na siku ile nilipohitaji maneno, nilifungua faili lako, nikachukua kurasa kumi na moja, nikazibandika. Sikukuuliza. Sikukutaja. Nilichukua maneno yako nikazibia mahali palipokuwa na ugonjwa wako. Nawe ndiye uliyepeleka barua yangu ya kuomba kazi pale kiwandani, ukasimama mlangoni mwa ofisi ya ajira mpaka wakaipokea.

Mchapishaji alipokurudishia mswada na kusema sura ya tatu iko mtandaoni neno kwa neno, tena tangu kabla hujampelekea, ulinipigia simu. Hukulia. Uliniuliza kwa sauti ndogo kama inawezekana mtu akasoma kitu mahali, akasahau, kisha akadhani ni chake. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilikwambia pengine kuna mtu aliyeyaiba maneno yako. Ukauliza nani. Ukajijibu mwenyewe kwamba nakala ilipita mikononi mwa watu wawili tu, na mmoja ni mdogo wako.

Nami nikasema, "Watu hubadilika, Dada."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Kesho yake ulikwenda dukani kwa Mama Fotokopi ukamwita mwizi mbele ya wateja, yeye aliye rafiki yako tangu mlipokuwa mnakaa dawati moja. Niliposikia, nilijiambia kwamba hasira zenu zitapoa. Imepita miezi saba. Kisha juzijuzi shemeji akaniambia umelifunga daftari kwa kamba na kuliweka juu ya kabati, na kwamba huandiki tena kwa sababu hukiamini kichwa chako. Alinieleza kama habari ya kawaida tu, kisha akahamia kwenye habari za mvua. Mimi sikusikia tena alichosema.

Jumatatu niliandika kwenye ukurasa ule wa majadiliano kwa jina langu kamili. Nilisema ni mwajiriwa wa kiwanda, kwamba niliifuta aya kwa faida yangu na ya mwajiri wangu, na kwamba maandishi ya rangi ni mali ya dada yangu, ambaye hakutoa ruhusa. Mzee Koma alijibu siku hiyo hiyo. Maandishi yako yameondolewa, pamoja na nakala zake kwenye kumbukumbu za makala. Alinitahadharisha kwamba tovuti nyingine zilikuwa zimeshayachukua, na hakuna awezaye kuahidi kwamba zote zitayafuta. Aya ya wale wanne imerudi. Yeye mwenyewe alilitafuta gazeti lile maktaba. Mimi nimezuiwa kuhariri. Mwishoni aliandika tu kwamba angependa ningemjibu hivyo mara ya kwanza.

Mchapishaji naye nimemwandikia, nikamtumia maungamo yangu yenye sahihi. Amesema atausoma mswada upya ukimpelekea wewe mwenyewe. Hajaahidi zaidi ya hapo. Meneja nilimwambia ana kwa ana. Akasema nirudishe funguo za ofisi. Kwa sasa niko stoo, nahesabu majora, nasubiri waamue la kunifanya. Usinihurumie kwa hilo.

Jumamosi nilikuja mjini kwenu. Nilipita mwisho wa mtaa wako, nikaona nguo zako zimeanikwa, nikageuka. Nilikwenda kwa Mama Fotokopi. Alinisikiliza huku akipanga karatasi za mteja na kuzibana pini, moja baada ya nyingine. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: "Siku ile aliponiita mwizi, wewe ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Akaninyooshea kidole mlangoni. Nilikuwa nimeshafika nje aliponiita, si kwa jina, bali kama alivyokuwa akiniita nilipokuwa mtoto nikiwafuata nyie wawili kila mnakokwenda. Akasema, "Wewe sina la kukwambia. Lakini dada yako asije hapa kuniomba radhi. Mwambie aje tukae."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza.

Sikuombi msamaha katika barua hii, maana najua ungenipa upesi, kama ulivyozoea, halafu ungeugua peke yako. Kwanza nenda kwa rafiki yako. Kisha daftari, ukipenda. Mimi niweke mwisho.

Nisalimie shemeji, na umwambie fundi bomba nimeshampata, ni yeye tu apange siku. Watoto wanakubusu mkono. Nitakupigia Jumapili saa nne asubuhi. Usipopokea nitaelewa, na nitapiga tena Jumapili inayofuata.

Ndimi mdogo wako,
niliyekukosea.