Mama Deo Wawili Kanisani

Jumapili jioni, Hamugembe.

Mvua iliyoanza asubuhi imekatika sasa hivi. Naandika ili nitulie.

Leo parokiani tumewaombea wanajeshi waliofia kazini, na mama zao wakapewa heshima yao. Kila mmoja aliitwa mbele kuwasha mshumaa kwenye picha ya mwanawe. Kaka yangu Deo alifia nchi jirani, kwenye kikosi cha kulinda amani.

Deo hakuzaliwa na mama yangu. Mama alipoolewa alimkuta bado anatambaa. Aliyemzaa alikuwa ameshaondoka, amekwenda kuuza dagaa visiwani Muleba, na hakurudi. Mama akamlea. Hata nilipozaliwa mimi, watu waliendelea kumwita Mama Deo. Sijawahi kusikia akiitwa kwa jina langu.

Kabla ya misa nikamwona yule mwanamke mlangoni. Nilimjua kwa sababu alikuja kwenye mazishi, akasimama nje ya ua, akaondoka bila kuongea na mtu. Ana paji la uso la Deo, huwezi kukosea.

Nikamwomba Mungu Mama asigeuke nyuma.

Padre ni mgeni hapa. Akaita, "Mama Deo."

Wakasimama wawili.

Mama alikwenda mbele bila kumtazama mtu, akapokea mshumaa. Yule mwingine alifika katikati ya kanisa akakwama, haendi mbele wala harudi nyuma. Padre akawa anaangalia huku na huku. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Huyo naye amefuata nini?"

Niseme ukweli. Nilitaka Mama awashe, arudi kukaa, amwache pale pale watu wamkodolee macho.

Mama akageuka. "Ija," akasema. Njoo. Kwa sauti ile ile anayotuitia chakula.

Wakaushika mshumaa pamoja. Moto ukazimika, ikabidi wawashe tena.

Kisha Mama akamleta nyumbani! Nilimpakulia ndizi, sahani nikaitua mezani kwa kishindo. Hakula. Akamuuliza Mama, "Dada, alikuwa mtoto wa namna gani?"

Mama akaanza. Alivyoogopa radi. Alivyodokoa senene, wale panzi wa kukaanga, kwenye kikaango mpaka akaungua vidole. Alivyokwenda jeshini akijifanya jasiri, halafu akapiga simu analia anataka kurudi. Hilo la simu hata mimi sikuwahi kuambiwa. Yule mwanamke alisikiliza amefumba macho, kama anaogopa kukosa neno.

Alipotoka kunawa uso nikamvamia Mama jikoni. "Alimwacha! Kwa nini unampa yote hayo?"

Mama hakuinua sauti. "Mimi nimemzika mtu ninayemjua," akasema. "Yeye je?"

Nikaingia chumbani kuandika haya.

Wako nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Deo. Nawasikia wanaongea Kihaya polepole. Mama ameniita mara mbili niwapelekee jembe, majani yameota kaburini. Mara zote mbili nimejifanya sijasikia.

Hasira bado ninayo. Sijui nitamwitaje: shangazi? mama mkubwa?

Ameita tena. Ngoja niwapelekee jembe. Hilo la kumwita nitalijua nikifika.