Mama, Nimeliona Jangwa Likinyeshewa

Richfield, Minnesota
Novemba

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa bintiyo Nkatha. Natumaini goti limepunguza maumivu na kwamba unatumia ile dawa badala ya kuiweka kabatini. Sisi huku hatujambo. Kaka Muriuki ameshahamia nyumba yake mpya kule Blaine, na wanawe wanakuamkia, ingawa kwa Kiingereza. Ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa kila neno, kisha wanajibu wanavyotaka wao.

Utashangaa kupata barua ya karatasi badala ya simu. Mama, kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Nina ombi, na jibu lako ndilo litakaloamua kama nitaanza maisha mapya kwa furaha au kwa machozi. Nimeliweka mwisho makusudi. Tafadhali usiruke kurasa.

Nilikuambia kwamba nilikwenda Arizona kwa kazi ya mkataba katika hospitali moja ya Tucson. Sikukuambia kwamba kule ni jangwa, maana najua unavyolichukia. Ulipokuwa msichana ulipelekwa kufundisha kaskazini, ukarudi baada ya muhula mmoja umekonda, na tangu hapo unatuambia kwamba Mungu alipofika kule alikuwa ameshachoka. Mimi niliamini. Niliposhuka kwenye ndege mwezi wa sita, joto lilinipiga usoni kama moto wa jikoni, nikasema kumbe Mama hakutia chumvi.

Bahati nzuri, muuguzi mwenzangu katika hospitali ya huku Saint Paul, Mkenya anayeitwa Eric, naye alikuwa amechukua mkataba hapo hapo. Alinicheka. Alisema nalitazama jangwa kupitia kioo cha gari, na kwamba lina saa zake za kupokea wageni. Basi tukawa tunatembea alfajiri, kabla jua halijapata nguvu.

Mama, natamani ungeona. Kuna dungusi, mimea ya miiba isiyo na majani, ndefu kama nguzo za stima, zenye mikono, na vichwani mwake matunda yanapasuka mekundu. Njiwa wanayala hadi wekundu unawatapakaa usoni kama watoto waliopewa jemu. Ndege kigogota hutoboa shimo kwenye shina na kulea makinda humo. Sungura hulala kwenye kivuli chembamba cha dungusi moja, kivuli kikisogea naye anasogea. Nilimcheka yule sungura, mpaka nilipofika kituo cha basi nikakuta watu wazima wamejipanga mstari mmoja kwenye kivuli cha nguzo. Nikajipanga nao.

Mwezi wa saba mawingu yakaanza kurundikana juu ya milima kila alasiri, yananguruma, kisha yanaondoka bila hata tone. Nilikasirika. Eric akaniambia mvua haiharakishwi kwa kununa. Siku moja upepo ukaja na vumbi, na nyuma ya vumbi harufu ya vichaka vya kule, kali na safi, ambayo sijui niifananishe na nini. Kisha ikanyesha. Mto uliokuwa mchanga mtupu ukateremka na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Watu waliegesha magari wakakimbilia darajani, wazee kwa watoto, wakaushangilia mto. Mimi nililia, sioni haya kukuambia.

Usiku vyura waliojizika ardhini tangu mwaka uliopita walitoka wakaimba kwa fujo. Na miti ya miiba ambayo mwanzoni niliiita kuni kwa ukavu wake, baada ya siku chache ikavaa majani kuanzia chini hadi juu. Nilitamani kuiomba radhi. Mimi nilikua kwenye mvua, Mama, na kazi yangu ilikuwa kuilaumu kwa kulowesha nguo kambani. Hata sasa, nikingoja basi hapa Richfield kwenye theluji ya kwanza, wenzangu wanalalamika nami natazama tu.

Najua umeshaanza kukisia, maana jina la Eric limejitokeza mno. Haya basi. Eric ni Mturkana, wa Lodwar, huko huko ulikokimbia. Ameniomba niwe mkewe, nami nimekubali. Na tusidanganyane: si jangwa lililonipeleka Arizona. Nilimpenda tangu huku, na nilitia sahihi mkataba ule kwa sababu yeye alikuwa ameshatia. Siku ile ya mvua alivua viatu akasimama uani akinyeshewa. Baadaye akaniambia kwamba kwao ikinyesha hivyo, mama yake huwa wa mwisho kuingia ndani. Nikajua nataka kuzeeka na mtu anayeipokea mvua namna hiyo.

Wazee wake watafika kwetu Desemba. Nimewaeleza kuhusu kifungu cha miraa cha posa, ambacho kwetu Meru kikipokewa ndipo uchumba umekubaliwa, na baba mdogo wetu amesema hatakipokea kama wewe hujakubali. Ukikikataa, nitalia, lakini nitaolewa. Ukikikubali, nitaolewa nikicheka. Ombi langu ndilo hilo, Mama: nataka kuolewa nikicheka.

Mama yake anakuja pia, na yeye ndiye mgumu. Aliwahi kufika Meru zamani, akalala siku mbili kwenye mvua na matope, akaapa kwamba mahali pale si pa kumwachia mtoto. Eric amembembeleza wiki nzima ndipo akakubali kuja kutuona. Hana sweta. Nakuomba umpokee mlangoni wewe mwenyewe, na umvishe moja yako.

Nisalimie baba mdogo na kina mama wote wa kanisani. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mwanao, ninayengoja jibu lako,

Nkatha