Taa za Kaskazini na Wageni wa Elias

Alhamisi, 4 Septemba 2014

Mwanetu Koku yuko chuoni Ottawa tangu Jumapili. Nilidhani nyumba itakuwa kimya. Imekuwa kimya mpaka juzi jioni — mlango ukagongwa. Mke na mume kutoka Dodoma, hawajapata chumba. Mtu kanisani amewaambia nendeni kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti ndiye mume wangu, Elias. Mwenyekiti wa chama cha Watanzania, mwaka wa tisa sasa, na hakuna anayetaka kumpokea kiti. Wageni wamelala kochini. Kochi letu la Scarborough limelaliwa na watu wengi kuliko kitanda cha gesti. Mogaka peke yake, yule Mkenya, alilala miezi minne kabla hajahamia Calgary. Bonde alilolichimba kwa kiuno chake lipo mpaka leo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi mwenyeji nazidi kuumwa.

Calgary. Naliandika hapa kwa sababu sijalitamka popote. Maabara ya hospitali moja ya huko inanitaka niwe mkuu wa kitengo cha damu. Wanataka jibu Jumatatu ya tarehe 15. Elias hajui. Si kwamba namficha — sipati nafasi! Nikifungua mdomo simu inalia. Jana nilimfuata mpaka bafuni nikamkuta anaongea na mtu aliyekwama uwanja wa ndege.

Nina swali moja tu: twende wote? Nataka anijibu tukiwa wawili, bila mtu wa tatu kukohoa chumba cha pili.

Ndiyo maana naisubiri Jumamosi. Tunakwenda kuona taa za kaskazini, zile rangi zinazocheza angani huko juu kwenye baridi. Nilimwomba mwaka tuliofika, 2001. Akasema mwakani. Kila mwaka ni mwakani. Mwezi wa sita nikachachamaa, naye akakodi gari-nyumba: vitanda, jiko, choo, vyote ndani. Wiki nzima, mimi na yeye. Nimeshanunua soksi nene.

Jumamosi, 6 Septemba 2014

Tulipatana kuondoka saa mbili asubuhi. Tumeondoka saa tisa alasiri.

Elias alilichukua gari Markham jana akaliegesha chini ya ghorofa letu. Kosa la kwanza. Asubuhi nashuka na chai nakuta watu wamejaa. Wanapanda, wanashuka, wanafungua kabati, wanajaribu godoro. Mama mmoja ameketi chooni na nguo zake zote, anapima kama anaenea. Mchungaji akaja kuliombea gari. Sina ubaya na maombi, lakini aliombea kila tairi.

Kisha mizigo. Sisi tunakwenda msituni! Ila Mtanzania akisikia unasafiri, kwanza anawaza nani yuko njia ile. Unga wa muhogo wa Mama Bernard, Barrie. Dagaa wa Mama Bernard, kutoka kwa mtu mwingine. Alnasir anayefanya kazi na Elias kule Don Mills, Mhindi Mwismailia, mzaliwa wa Bukoba kama sisi, ameleta kopo la achari ya maembe kwa shangazi yake North Bay. Akaniambia, "Ni mlangoni tu, Mama Koku. Mnampa, mnaondoka."

Mlangoni tu. Nani wa kwetu amewahi kuishia mlangoni?

Sasa niko Barrie, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Mama Bernard alipokea unga, akalitazama gari, akauliza tutalala wapi. Elias akasema humo humo. Mama wa watu akanuna. Tulale barabarani kama tumefukuzwa, na yeye ana nyumba? Watu watamsemaje? Pilau ilikuwa imeshaiva. Elias yuko sebuleni anaangalia marudio ya mpira na Baba Bernard. Mimi nimelazwa chumba kimoja na bibi yao, anayekoroma. Gari lenye vitanda vinne limelala nje peke yake.

Jumapili, 7 Septemba 2014

Huwezi kulala kwa watu Jumamosi ukawatoroka Jumapili. Ibada. Chakula. Utambulisho wa Mwenyekiti kwa Watanzania wote wa Barrie. Ni familia tatu, lakini kila moja ina sebule.

Bado tuko Barrie.

Jumatatu, 8 Septemba 2014

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

North Bay. Shangazi yake Alnasir anaitwa Zeenat. Mwanamke mnene, mcheshi, sabini na kitu, sweta juu ya sweta. Tukamwamkia shikamoo mlangoni. Akasema hajaamkiwa shikamoo tangu mumewe afariki, kisha akaanza kulia na kopo la achari mkononi. Ungefanya nini? Tukaingia.

Kiswahili chake ni kile cha Bukoba ya zamani, kitamu kweli. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Elias anamkumbuka mshonaji aliyekaa barazani. Yule yule! Wakashikana mikono kama ndugu waliopotezana. Chai. Chevda ya kutafuna. Chai tena. Mwanawe Nadim ni daktari wa meno, anashinda kazini na mkewe pia. Bibi anashinda na televisheni.

Saa kumi nikamkanyaga Elias mguu chini ya meza. Tukainuka. Mlangoni Elias akasema, kama mtu yeyote mwenye adabu angesema, "Karibu Mama, twende wote tukaone hizo taa."

Kila mtu anajua karibu ya namna hiyo. Ni kama karibu chakula unayomwambia mtu anayepita. Naye anajibu, asante, nimeshiba. Hivyo ndivyo inavyokwenda, na wote mnabaki na heshima zenu.

Zeenat akasema, "Ngoja nichukue dawa zangu."

Elias akacheka. Hata hakushtuka! Nadim akapiga simu kwa mama yake akiwa kazini, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hata hawajui hawa watu. Mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba anawajua tangu kabla yeye hajazaliwa. Ndiye huyu nyuma yangu, kwenye kitanda kikubwa. Kitanda changu na Elias. Sisi tumepewa vile vya juu vya watoto, kimoja kila upande.

Twende wote. Maneno yangu, niliyoyahifadhi wiki nzima, amempa mtu aliyemfahamu mchana mmoja.

Jumanne, 9 Septemba 2014

Ziwa karibu na Temagami. Kambi nzuri, misonobari, maji meusi. Mtandao hakuna! Nilikaribia kumshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Elias amekwishagundua jiwe kubwa nyuma ya kambi. Ukisimama juu yake, simu inashika. Ameshapanda mara nne. Wale wa Dodoma hawajui jiko letu linavyowashwa.

Jioni tukatoka kutazama mbingu. Mwezi mpevu. Unang'aa mpaka unasoma maandishi. Mzungu wa kambini akatuambia kwa upole kwamba hakuna anayekuja kutafuta taa wiki ya mwezi mpevu. Nikamuuliza Elias kwa nini alichagua wiki hii. Akasema wiki ijayo kuna mkutano wa chama.

Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumatano, 10 Septemba 2014

Leo nimefanya jambo sijui kama ni jema.

Asubuhi Elias yuko juu ya jiwe. Mimi nakuna nazi ya kopo — yaani nakwangua iliyoganda. Zeenat anachambua mchele ambao hauna hata jiwe moja, basi tu mikono imezoea. Akaniambia uso wangu umekunjika tangu North Bay, na kama ni kwa sababu yake niseme, atamwita mwanawe aje amchukue.

Nikaona haya. Nikasema si wewe, Mama. Na nikamwambia. Calgary, Jumatatu, swali langu, yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliuliza na kisha akanyamaza, kitu ambacho mume wangu hajawahi kufanya kwa pamoja.

Akaendelea na mchele. Akasema mumewe naye alikuwa mtu wa watu. Siku ya mazishi ukumbi haukutosha. Yeye hakupata pa kukaa, mpaka mtu akamwinukia, akidhani ni mgeni. Akacheka sana aliposimulia. Mimi sikucheka.

Nikamwomba asimwambie Elias, nitamwambia mwenyewe. Akasema mwambie leo.

Alhamisi, 11 Septemba 2014

Mvua. Elias amepanda jiwe na mwavuli.

Ilipokatika nikamwambia twende tukatembee kando ya ziwa, mimi na wewe. Akakubali. Zeenat akasema anaumwa goti, hatoki, akanikonyeza. Moyo ukanienda mbio kama wa msichana. Tumefika kwenye gati ya mbao, nimevuta pumzi, nimeanza, "Baba Koku..." Akanishika mkono. Akaniambia hajapata raha kama hii siku nyingi. Akasema yule mama tukirudi lazima tumtafutie Waswahili wenzake, anaona upweke huko. Na je, hatuwezi kumleta kwetu Krismasi?

Nikasema hewala. Tukarudi.

Mimi ni mwoga. Niandike tu.

Ijumaa, 12 Septemba 2014

Naandika nikiwa kwenye ngazi ya gari, tochi mdomoni, kwa hiyo mwandiko usichekwe.

Leo ni usiku wa mwisho. Kesho jioni gari linarudi Markham. Yule Mzungu alipita mchana akasema jua limetapika kitu, usiku huu hata mwezi hautazuia. Nikajiambia basi, zikitokea nitamwambia, zisipotokea nitamwambia vile vile.

Tulikula mapema. Ndizi tulizopika na wale dagaa, Mama Bernard aliowagawa nusu nusu na sisi. Elias anasimulia, Zeenat anachovya mkate kwenye chai. Katikati ya hadithi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwambia Elias kwamba baridi ya Calgary ni kavu, mtaizoea, dada yake aliishi huko.

Alidhani tuliongea jana kwenye gati. Nilirudi nimeshikwa mkono, angedhani nini kingine? Niliona alivyoelewa. Mkate ukamkatikia kwenye kikombe.

Elias akaweka kijiko. "Calgary ya nani?"

Nikamweleza. Si kwa jinsi nilivyopanga. Nilieleza kama natoa majibu ya maabara: kazi, cheo, tarehe. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamuuliza ningemwambia saa ngapi. Akanitazama. Akatazama simu yake mezani. Zeenat akainuka, goti lile lile bovu, akajifungia chooni ili atupe nafasi. Choo chenyewe ukuta wake ni karatasi.

Hapo ndipo ningeuliza. Twende wote? Maneno mawili. Nilikuwa nimeyashika kwenye meno. Nikataka ayaseme yeye.

Akachukua koti. Akachukua na simu. Akatoka.

Nilikaa. Nikadhani anakwenda kulia, Elias hulia peke yake. Kisha Zeenat akaniita kutoka kwenye dirisha dogo la choo, "Valeria, toka nje, toka upesi."

Kwanza nilidhani ni wingu. Weupe juu ya misonobari, kama mvuke ukifunua sufuria. Halafu ukatikisika. Ukawa kijani, kijani cha jani la mgomba likiwa bado halijafunguka, ukapanda, ukajikunja, ukashuka upande wa pili wa ziwa, na majini pia, chini, zikawa mbili. Hazina sauti. Sijui kwa nini nilidhani zina sauti. Miaka kumi na mitatu! Nalia, nasema ukweli, nalia na tochi mdomoni.

Elias yuko juu ya jiwe lake. Kila kitu kinawaka mgongoni mwake, namwona mpaka masikio. Amenipa mgongo mimi na taa zote mbili. Ameweka simu kwenye spika kama kawaida yake, na sauti inanifikia hapa ngazini.

"Mogaka, shemeji yako anakuja huko kikazi. Nataka afikie kwa mtu ninayemwamini."

Anatafuta pa kunilaza. Hajashuka kuniuliza kama nataka aje nami. Ameniandalia mapokezi, kama anavyowaandalia wote. Nitakuwa mimi sasa kwenye kochi la Mogaka.

"Mwenyekiti, hiyo hata si ya kuuliza," Mogaka anasema. Anacheka, ana furaha ya kweli. "Kwangu ni kwake. Room iko. Aje tu, bibi yangu atafurahi. Nyinyi mlinikalisha, boss, siwezi sahau."

"Asante, ndugu yangu."

"Na wewe unakuja lini?"

Nimezima tochi. Naandika kwa kijani hiki.

Elias ameinua kichwa, sasa ndiyo anaziona taa. Zeenat amekuja kusimama nyuma yangu mlangoni, amenitupia sweta lake moja mabegani. Simu haijakatika. Namsikia Mogaka anaita, "Mwenyekiti? Unanipata? Nimeuliza, na wewe unakuja lini?"