Arobaini ya Vifaranga wa Mama Najma

Jumanne, 10 Juni 2025
Vifaranga wana mwezi leo. Wote thelathini wazima! Wako chumba cha wageni, ndani ya duara la maboksi, balbu juu yao. Mke wangu, Mama Najma, aliwaleta wakiwa wa siku moja. Kesho yake tu mwanetu Najma akajifungua, mama yake akaenda Tabata kukaa na mzazi mpaka arobaini. Akaniachia mie. Mie! Mwaka jana niliwahi mno kuwahamishia vifaranga wake bandani, mvua ikapiga na radi zake, asubuhi nikakuta ishirini wamelaliana kona moja, wamekufa. Hakunigombeza. Aliosha vyombo vyao akavifunika, mwaka mzima hakufuga. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepiga chafya — basi! Wote mbio pembeni, wakapandana. Nimewatenganisha kwa mikono, wa chini walikuwa wanatweta. Sasa najiuliza: mwaka jana ilikuwa baridi au ile radi? Nimekaa saa nzima nawaangalia. Wakishtuka hawatafuti mlango, wanatafuta wenzao. Kwa nini?

Jumamosi, 14 Juni
Brightson, bwana mifugo wetu hapa Chanika, kapita. Nikamuuliza: mtoto wa binadamu anatolewa nje siku ya arobaini, kifaranga je? Kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema niache kuhesabu siku, niangalie manyoya. Niwapunguzie joto kidogo kidogo. Na banda nizibe kona liwe mviringo, wasipate pa kubanana. Kona! Mwaka mzima sikuwaza kona.

Jumatatu, 16 Juni
Mchana balbu nazima. Leo wameota jua saa moja, chini ya tenga. Mmoja kamkodolea sisimizi macho, kasogea, karudi, kasogea tena. Kammeza! Akabaki anashangaa mwenyewe. Na mie nashangaa.

Jumatano, 18 Juni
Kona nne za banda nimeziba kwa maboksi. Wavu nimeufukia chini, nguchiro asipenye. Mama Najma kapiga simu. Mjukuu anacheka usingizini, kasema. Akauliza vifaranga, nikasema wazima.
"Baba Najma, usiwatoe mpaka nirudi."
Nikaitikia. Atarudi Jumapili, si mbali.

Ijumaa, 20 Juni
Wameanza kudonoana. Mmoja katoka damu mkiani. Nimempigia Brightson: wamekua, pamewabana, niwatoe kesho asubuhi wapate mchana kutwa wa kulizoea banda. Manyoya yametimia, kasema, mwenyewe kayaona. Nikimwambia Mama Najma atakataa, na haki anayo. Nimeshika simu, nimeiweka. Naogopa, kusema kweli.

Jumamosi, 21 Juni
Arobaini ya mjukuu. Wamemtoa nje, Najma kanitumia picha, mtoto kafumba macho kwa jua. Huku nami nimewatoa wangu, wote thelathini. Aliyedonolewa nimemtenga kwa kipande cha wavu humo humo. Mchana wamechakura, raha tupu! Nikafagia chumba cha wageni, nikapiga deki, nikachoma maboksi.

Magharibi wakaanza kulia. Nimeingia bandani, nimekaa kwenye kigoda, daftari magotini. Wamenizunguka. Wanakuja mmoja mmoja, wanajilaza juu ya makobazi yangu. Wanatulia! Nimehesabu mara mbili. Thelathini.

Geti limelia. Sauti ya Mama Najma — kaja leo! Namsikia anaingia ndani. Anafungua chumba cha wageni.
"Baba Najma, vifaranga wako wapi?"

Nikiitika watashtuka, watapandana. Simu nimeiacha mezani. Nimenyoosha mkono juu, lakini dirisha la chumba kile haliangalii huku.

Kauliza tena, taratibu, kama mtu anayejua jibu. Nasikia anavuta vyombo vyao nilivyoviacha humo, kama mwaka jana.

Sasa kaniita kwa jina langu, Mwishehe. Hajaniita hivyo tangu Najma azaliwe. Mguu wa kulia wamelala tisa.