Milango Uliyonibishia Hodi

Shangazi yangu mpenzi,

Tangu tukuzike nina swali moja, na najua ungelijibu kwa kicheko: hivi uliwaambia watu wote?

Nakumbuka niliporudi kutoka kwa daktari wa Tororo na jina la ugonjwa ambalo hata yeye alilitamka kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Utumbo mpana una vidonda, alisema. Utatulia, utachafuka, utatulia tena. Dawa nimeze hata siku ninazojisikia mzima. Kuhusu netiboli niliyokuwa nacheza hakusema kitu, kwa hiyo nikamsemea mimi: basi. Nikaacha mazoezi, nikaacha kwaya, nikaacha harusi za watu. Msichana mzima nikawa naitazama dunia kupitia ufa wa mlango wa choo chetu. Si mahali pabaya, lakini unaona migomba tu.

Ukaja na karai lako la mukene, wale dagaa wakavu. "Nafula, toka. Leo nakwenda kuuza njia ya Tororo na shingo inaniuma. Utanibebea."

"Na tumbo likinishika njiani?"

"Likushike. Kwani wewe ni mwizi?"

Tukaondoka kijijini kwetu Masaba, na kila boma ukaingia. Habari za hapa, habari za mihogo, habari za mama mkwe, habari za mbuzi. Mbuzi hasa! Mahali pengine hukuuza hata samaki mmoja, lakini mbuzi wao uliwaulizia mpaka wa mwisho. Mimi nimesimama na karai kichwani, najisemea: mama huyu mdomo wake hauna breki. Tumbo lilipochachamaa, wewe ulizidisha sauti, na mwenye nyumba akanielekeza choo kwa kunyoosha midomo tu, bila hata kunitazama. Nikajiona mjanja. Naingia, natoka, hakuna ajuaye.

Ukanirudisha hivyo hivyo, mlango kwa mlango, hadi uwanja wa netiboli ulio njia hiyo hiyo, hadi nikaweza kwenda peke yangu kwa baiskeli.

Kwenye matanga yako ndipo mzee mmoja aliponishika mkono. "Ndiwe Nafula? Shangazi yako alitupitia zamani. Akasema, nina mtoto, utumbo wake hauna subira. Akija mbio msimwulize salamu. Mwonyesheni choo."

"Hata sisi alituambia," akadakia mama aliyekuwa nyuma yake.

"Sisi hatukuwa na choo," akasema mwingine. "Alimsumbua mume wangu kila akipita na samaki, mpaka akachimba."

Nikaiweka sahani ya chakula chini. Siri yangu, Shangazi, ilikuwa inajulikana njia nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunicheka! Nilipaswa kukasirika. Nilijaribu, kusema kweli. Lakini nilijiona kama mtu aliyezaliwa chini ya mwamba wa Tororo, akaupita kila siku na kuku wake wa kuuza, halafu asubuhi moja akainua kichwa, akauona.

Sasa nacheza. Siku tumbo linapokataa, nakaa pembeni nashangilia. Timu niliwaambia mwenyewe, na kapteni hunipigia kelele, "Nafula, leo uko ndani ama uko nje?" Tunacheka, na mpira unaendelea.

Jumamosi iliyopita nilishikwa na tumbo karibu na uwanja, mbele ya nyumba mpya, bati bado linang'aa. Watu waliohamia baada yako. Huko hukuwahi kufika. Nikaegemeza baiskeli, nikausogelea mlango.

"Hodi!"

Akatoka msichana wa rika langu, mtoto kiunoni.

"Dada, samahani, nina ugonjwa wa tumbo. Naomba choo. Salamu nitakupa nikitoka."

Akacheka, kicheko cha kunikaribisha. "Pita. Choo iko nyuma ya mihogo. Maji iko kwa mtungi."

Nilipotoka, filimbi ilikuwa imeshalia uwanjani. Baiskeli ilikuwa pale pale, na yule dada tayari ananiaga kwa mkono. Kando ya jiko alikuwa amefungwa mbuzi mmoja, mbavu nje.

Nikavuta kigoda, nikaketi. "Haya, dada," nikasema, "habari za mbuzi?"

Pumzika, Shangazi. Mbuzi hajambo, anakohoa kidogo tu.

Mtoto wa kaka yako,
Nafula